Jua Linapoupika Moshi

Kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za kwanza za mwezi wa tisa, vilima vya mbali huko Kasongo, kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, huondoka machoni. Haviondoki kwa siku moja. Kwanza hupauka, kisha hubaki vivuli, na ikifika katikati ya mwezi wa nane mtu huona weupe mchafu tu mahali vilipokuwa. Jua huchomoza jekundu kama kaa la moto. Alfajiri harufu ya majani yaliyoungua imeshaingia ndani kabla mama wa nyumba hajawasha jiko. Ukiuliza, utaambiwa ni ukungu wa kiangazi, na maneno yanaishia hapo, kwa sababu babu aliuona huo huo na baba wa babu vilevile.

Ukungu wa kweli ni maji, na jua likipanda hutawanyika. Huu wa kiangazi haufanyi hivyo. Jua la mchana haliutawanyi, bali linaupika, na kinachotokea humo ndani saa saba, saa nane, saa tisa ya mchana hakionekani kwa macho wala hakikuwamo ndani ya moshi ulipotoka motoni. Wanakemia wanakiita ozoni. Ni hewa ileile iliyoipatia Los Angeles sifa mbaya katika karne iliyopita, na wengi wetu tulifundishwa kuwa ni ugonjwa wa miji yenye magari kwa mamilioni. Kusini mwa Maniema hakuna magari ya kiasi hicho. Kuna jua, kuna msitu, na kuna moto wa pori. Vinatosha.

Kabla ya kuingia jikoni, tupite njia ya mpira. Si kupotea, mtaona kwa nini.

Mnamo Februari 1942 Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani, na pamoja nayo mashamba ya mpira ya Malaya. Nchi zilizokuwa vitani na Japani zilijikuta bila mpira wa magurudumu. Huko Kongo, wakoloni wa Kibelgiji walirefusha siku za kazi ya lazima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wanakijiji wakarudishwa msituni kugema mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee wao walikuwa wameilipia kwa damu enzi za mfalme Leopold wa Ubelgiji. Upande wa pili wa dunia, Wamarekani waliamua kutengeneza mpira kwa kemia. Kiwanda kimoja kilichozalisha butadieni, malighafi ya mpira huo, kilikuwa katikati ya Los Angeles. Julai 1943 mji ule ulifunikwa na wingu lililowasha macho na koo hata watu wengine wakadhani wamepigwa kwa gesi ya kivita. Lawama zikaangukia kiwanda cha butadieni. Kikafungwa kwa muda. Wingu likaendelea kurudi.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Mholanzi, Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Utrecht, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Caltech huko Pasadena. Kazi yake ya kawaida ilikuwa kuchunguza harufu: nini hasa kinachofanya nanasi linukie kama nanasi. Aliigeuza mitambo yake ya harufu kuelekea hewa ya mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha jambo ambalo makampuni ya mafuta yalilipinga kwa nguvu. Alichukua mvuke wa petroli, akauchanganya na oksaidi za naitrojeni zinazotoka kwenye injini, akauweka mchanganyiko huo juani. Ukazaa ozoni. Ushahidi wake mmoja ulikuwa kipande cha mpira kilichokunjwa: ndani ya hewa ile kilipasuka-pasuka upesi sana. Wenye magari wa Los Angeles walikuwa wameshalalamika kwamba matairi yao yanachanika ubavuni mapema kuliko ya miji mingine. Mpira ndio uliosema kwanza.

Mpira wa asili ni mnyororo mrefu wa pete ndogo, na kila pete ni molekuli iitwayo isopreni. Katika kila pete kuna kiungo pacha, na ozoni ikikigusa hukikata. Isopreni hiyohiyo, ikiwa huru na bila kufungwa katika mnyororo, ndiyo pumzi ambayo miti mingi ya kitropiki huitoa kwenye majani yake jua likiwa kali. Msitu wa Kongo unaitoa kwa wingi mno kila siku ya Mungu. Kwa hiyo kitu kilichowafanya wanakijiji wasukumwe msituni kutafuta utomvu, na kitu kinachopanda hewani mchana juu ya msitu huohuo, ni ndugu wa damu moja.

Sasa jikoni. Chungu hiki kinasimama juu ya mafiga matatu, na figa moja likikosekana hakipiki.

Figa la kwanza ni jua. Figa la pili ni oksaidi za naitrojeni. Moja yake, naitrojeni dioksaidi, ina rangi ya kahawia, na rangi hiyo ni dalili kwamba inakamata mwanga. Mwale wa jua unapoipiga, huing'oa atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo haiwezi kukaa peke yake. Papo hapo hujishika na molekuli ya oksijeni ya kawaida, yenye atomu mbili, zikawa tatu. Hiyo ndiyo ozoni. Lakini kile kilichobaki baada ya kung'olewa, naitrojeni monoksaidi, kina njaa ya oksijeni iliyopotea, na kikikutana na ozoni huinyang'anya. Tumerudi tulikoanzia. Kutia huku na kutoa huku: mchana wote ungepita hivyo na ozoni isingelimbikizana.

Figa la tatu ndilo linalovunja usawa huo. Ni mivuke ya kaboni: isopreni ya miti, mvuke wa petroli, gesi zinazotoka kwenye kuni zinazofukuta bila mwali. Hewani mna kipande kidogo cha molekuli kiitwacho haidroksili, chenye maisha yasiyofika hata sekunde moja, ambacho hushambulia mivuke hii. Mivuke ikishambuliwa huzaa vipande vingine vyenye oksijeni ya ziada, na hivyo ndivyo vinavyoilisha naitrojeni monoksaidi. Ikishashiba haina tena haja ya kuinyang'anya ozoni. Inageuka kuwa naitrojeni dioksaidi, jua linaipiga, ozoni nyingine inazaliwa, na mzunguko unaendelea. Molekuli moja ya oksaidi ya naitrojeni inaweza kuzunguka hivyo mara nyingi kabla haijageuka kuwa asidi na kuoshwa na mvua. Ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha kuharibu hewa nyingi.

Ozoni hii na ile tunayosikia kwamba inalinda dunia ni molekuli moja. Ikiwa juu, kilomita 20 na zaidi, hutukinga na miale mikali ya jua. Ikiwa chini, tunaivuta kifuani. Paul Crutzen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995 pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland kwa kazi ya ozoni ya juu, ndiye pia aliyewaambia wenzake mwaka 1979 kwamba moshi wa kuni na mapori ya tropiki ni chanzo kikubwa cha gesi duniani. Wengi hawakuwa wamelifikiria hilo. Februari 1988 watafiti walirusha ndege juu ya msitu wa kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, mbali na kiwanda chochote, wakakuta matabaka ya ukungu yenye ozoni nyingi, yaliyoletwa na upepo kutoka savana zilizokuwa zikiungua kaskazini. Jack Fishman wa NASA, kwa kutumia setilaiti, alikuwa akiona kila mwaka ozoni ikijaa juu ya bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Afrika, miezi ya Septemba na Oktoba. Bahari haina magari. Mwaka 1992 safari kubwa za kisayansi zilifuata nyuzi hizo hadi zilikoanzia, na sehemu kubwa ya jibu ilikuwa mioto ya Afrika ya kusini mwa ikweta na ile ya Brazili.

Tuweke mambo katika uzito wake. Zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika. Ukanda unaotoka Angola, ukapita kusini mwa Kongo na Zambia hadi Msumbiji, ni miongoni mwa sehemu zinazowaka kuliko zote. Kasongo na Kabambare ziko pale msitu mkubwa unapokutana na savana ya miti, na hapo ndipo pabaya. Savana inatoa moto, msitu unatoa isopreni, na kiangazi kinatoa jua lisilo na mawingu. Mafiga yote matatu yamekutana uwanja mmoja. Mahali pengi duniani figa moja hukosekana.

Msomaji makini atauliza juu ya radi. Ni swali zuri. Radi nayo huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewa, na mashariki mwa Kongo kuna radi nyingi kama sehemu chache duniani. Orodha iliyotolewa mwaka 2016 iliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya pili ulimwenguni baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa wastani wa mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Lakini radi huja na mawingu na mvua. Mawingu hukinga jua, mvua huosha asidi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo hubaki juu. Moto wa pori hauna mvua ya kuuosha.

Kuna jambo ambalo mtu anayechoma shamba hawezi kuliona. Karibu na moto wenyewe ozoni ni kidogo, kwa sababu naitrojeni monoksaidi mbichi huinyang'anya yote na moshi mzito huzuia jua. Mapishi huchukua saa kadhaa, na wakati huo moshi unasafiri. Kiangazi upepo wetu mara nyingi hutoka kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani huuita kusi. Pori linalowashwa asubuhi upande wa Kabambare linaweza kuwa ozoni ya mchana Kasongo, na ozoni ya kesho yake ng'ambo ya mto Lualaba. Sehemu ya naitrojeni hujificha ndani ya molekuli nyingine zinazostahimili baridi ya juu, ikasafiri mamia ya kilomita, kisha ikaachiliwa hewa inaposhuka na kupata joto. Kwenye kilele cha Mugogo, Rwanda, karibu mita 2,600 juu ya bahari, kituo cha kupima hewa kimeonyesha jambo hilo waziwazi: ozoni na masizi hupanda kila kiangazi, mara mbili kwa mwaka, kwa sababu miezi ya kwanza ya mwaka moshi huja kutoka mioto ya kaskazini mwa ikweta na katikati ya mwaka kutoka ya kusini.

Mwilini, ozoni haiyeyuki kwa urahisi kwenye majimaji ya pua na koo, kwa hiyo hufika chini kabisa ya mapafu. Huko huchoma utando kama inavyokata mpira. Mtoto mwenye pumu hupata shida kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2021, limesema wastani wa saa nane usizidi mikrogramu 100 kwa kila mita ya ujazo. Mimea nayo inaumia, maana huivuta kwa vinyweleo vya majani. Maharagwe ni dhaifu sana mbele yake: majani hupata madoadoa ya kahawia, huzeeka kabla ya wakati, na maganda hujaa nusu. Mkulima hulaumu mbegu.

Watu wakisikia haya hudhani dawa ni kuwagombeza wakulima. Mimi sikubali. Anayefyeka na kuchoma anajua anachofanya. Udongo wetu ni mchachu, na majivu huupunguzia uchachu, huupa potasi na fosforasi, huua mbegu za magugu. Mtu mwenye jembe na panga tu, atakayeotesha mpunga kabla mvua haijampita, hana trekta la kumsaidia. Sheria ya kupiga marufuku ikiandikwa Kinshasa haizimi moto hata mmoja Kabambare.

Lakini lipo jambo moja ambalo ningetamani kila mkulima wa mpunga alijue. Injini ya gari inatengeneza oksaidi za naitrojeni kutokana na hewa, kwa sababu ndani yake mna joto kali mno. Moto wa majani haufiki joto hilo. Naitrojeni inayotoka kwenye moto wa shamba inatoka ndani ya majani yenyewe, na majani yaliipata udongoni. Ndiyo mbolea ambayo mpunga huililia kuliko nyingine zote, ile inayouzwa mjini kwa jina la urea kwa bei isiyoshikika. Potasi na fosforasi nyingi hubaki kwenye majivu. Naitrojeni karibu yote hupaa. Wingu lile jeupe juu ya shamba ni mfuko wa mbolea unaoondoka kwenda kupikwa sumu kwa jirani. Ukimweleza mzee hivyo, kwa heshima, hakuulizi tena habari ya Los Angeles. Anauliza atawezaje kuibakiza.

Njia zipo, na hakuna inayomaliza kazi peke yake. Vichaka vizito na magogo vinaweza kuchomwa kwa mafungu, majani mabichi na laini yakaachwa yafunike udongo. Mabua ya karanga na maharagwe hayafai kuguswa na moto kabisa, maana ndiyo yenye naitrojeni nyingi. Kuzungusha shamba ukanda uliolimwa, wenye upana wa hatua kadhaa, kabla ya kuwasha, huzuia moto wa hekta moja kula hekta hamsini za pori ambalo hakuna aliyelihitaji. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko yote: sehemu kubwa ya kinachoungua si shamba la mtu. Ni pori lililofikiwa na moto ulioponyoka, au lililowashwa ili kumtoa simbiliki, panya mkubwa wa pori, kwenye nyasi ndefu.

Wataalamu wa misitu husifu kuchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa mwezi wa nane ukose chakula. Naafiki, kwa tahadhari. Moto wa mapema hula eneo dogo na hauingii msituni. Ila nyasi zenye unyevu hufukuta badala ya kuwaka, na kila kilo moja inayofukuta hutoa mivuke na kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Faida inapatikana ikiwa tu jumla ya kinachoungua inapungua kweli. Kijiji kikichoma mapema halafu kikachoma tena mwezi wa nane, kimeongeza moshi juu ya moshi.

Mwenye kupanga hatua hizi anahitaji kujua aondoe figa lipi. Los Angeles walipambana na mawili. Mwaka 1957 walipiga marufuku tanuri za kuchomea taka nyuma ya nyumba, ingawa wenye nyumba walinung'unika. Kuanzia magari ya mwaka 1975 vilifungwa vifaa vya kusafisha moshi ndani ya bomba la moshi. Watu na magari viliongezeka, ozoni ikashuka sana. Kwetu, figa la mivuke haliondoki: huwezi kuuambia msitu uache kupumua, na yeyote atakayependekeza kukata miti kwa sababu hiyo hajaelewa kemia hata kidogo. Linalobaki mikononi mwetu ni naitrojeni. Hiyo ndiyo inayokosekana hewani kwetu mvua inaponyesha, na moto ndio unaoileta.

Mjini hesabu hubadilika kidogo. Pikipiki za injini ya mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, hutema sehemu kubwa ya mafuta bila kuyachoma; za mipigo minne ni afadhali sana, na kwa bahati ndizo zinazozidi kuletwa. Petroli inayouzwa barabarani kwenye chupa na vidumu, na wale ambao miji mingi ya mashariki huwaita kadhafi, huachia mvuke juani siku nzima. Kifuniko kinachobana na kivuli humwokolea muuzaji mali yake mwenyewe. Nchi kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia 2015, na Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022. Mafuta safi yana maana kwa sababu salfa huharibu vifaa vya kusafishia moshi. Gari kuukuu linalofika kwetu likiwa limeng'olewa kifaa hicho na kuuzwa platini yake limegeuzwa tanuri.

Na ozoni tutaitambuaje? Shule zetu hazina mitambo ya kuipimia, na setilaiti hupita mara moja kwa siku. Mpira upo. Chukua vipande viwili vyembamba vya mpira wa asili, vya utomvu, si mpira wa ndani wa baiskeli ambao mara nyingi huchanganywa ili usipasuke. Vivute na kuvifunga juu ya vijiti viwili vya urefu mmoja. Kijiti kimoja kiweke ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, cha pili kitundike nje, kivulini, mahali penye upepo, maana jua kali nalo huharibu mpira kwa njia yake. Fanya hivyo mwezi wa nane, kisha urudie mwezi wa kumi na moja na mpira wa aina ileile, kwa siku zilezile. Wanafunzi wahesabu nyufa kwa kioo cha kukuzia na kuandika tarehe, upepo ulikotoka, na kama siku hiyo vilima vilionekana.